Mildred Nabwire na Kanisa la Ng'ambo ya Mto

Mildred Nabwire Mugubi, ambaye tumekuja kumuaga hapa Guangzhou kabla mwili wake haujasafirishwa kurudi nyumbani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Namwiru, nyanda za chini za Mto Nzoia, kaunti ya Busia, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa nne wa Katekista Anselmo Mugubi na Mama Konsolata Auma, ambao wote wawili wametangulia.

Wengi mlio hapa hamjafika Namwiru, kwa hiyo ni lazima kueleza kidogo. Ni nchi tambarare iliyo chini kuliko mto wenyewe. Mto umezuiwa kwa matuta ya udongo pande zote mbili, na mtu anayepalilia mahindi yake anaweza kuona mtumbwi ukipita juu ya kichwa chake. Tuta likikatika, maji huingia majumbani, na watu huhamia juu ya tuta lenyewe pamoja na ng'ombe na kuku wao hadi maji yatoke. Upande wa kusini ni Namwiru. Ng'ambo, upande wa kaskazini, ni Sibuka. Pande hizo mbili ni parokia moja, lakini hazipendani, na sababu yake itaelezwa mbele, maana maisha ya Mildred hayawezi kusimuliwa bila hiyo.

Wasifu huu hautasema kwamba marehemu alikuwa mpole. Hakuwa. Waliofanya kazi naye wanajua, na kumsemea uongo mbele ya jeneza lake kungekuwa kumtukana.

Alianza masomo mwaka 1975 katika shule ya msingi ya Namwiru. Mwalimu wake wa darasa la sita aliwahi kuwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Safari Yangu ya Baharini." Mildred akarudisha karatasi tupu.

"Mbona hujaandika?" mwalimu akamuuliza.

"Sijafika baharini, mwalimu."

"Buni basi! Wenzako wote wamebuni."

"Nikibuni, nyumbani baba ataniuliza nilienda na nani."

Alipata sifuri, na alipofika nyumbani baba yake akamsifu. Mildred mwenyewe alipenda kukumbusha jambo hili miaka mingi baadaye, kwa sababu ambayo haikuwa ya kuchekesha. Baba aliyemfundisha kutobuni ndiye aliyekuja kumpa kazi ngumu kuliko zote.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1986 katika shule ya bweni ya wasichana, kisha akasomea ushonaji na ubunifu wa mavazi mjini Kisumu, akahitimu mwaka 1989. Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, alifunga ndoa na Mwalimu Geofrey Wandera, mwana wa parokia hiyo hiyo, katika kanisa la mawe la Namwiru. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hannah aliyezaliwa mwaka 1993 na Okumu aliyezaliwa mwaka 1996. Mwalimu Geofrey alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004. Jamaa walimshauri Mildred aolewe tena, na baadhi walimshauri kwa sauti ya kuamrisha. Alikataa, akafungua duka la nguo Busia, na akawalea watoto wake bila kumwomba mtu chochote ambacho hangeweza kukirudisha.

Alikuja Guangzhou kwa mara ya kwanza mwaka 2007 kununua mzigo, na mwaka 2011 akahamia hapa kabisa kama wakala. Ofisi yake ilikuwa ghorofani katika barabara ya Huanshi Zhonglu. Wateja wake walikuwa wenye maduka wa Busia, Kisumu na Kampala, na baadaye makanisa. Alipanga na karakana za mtaa wa Kangle zimshonee sare za kwaya, kanzu za watumishi wa altare na magauni ya vyama vya akina mama. Ikiwa umewahi kuona kwaya ya magharibi mwa Kenya iliyovaa vizuri, yawezekana sare yao ilipita mikononi mwake.

Alikuwa na namna yake ya kukagua. Katika maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, ambako wanunuzi wengi huangalia rangi na kuuliza bei, yeye aligeuza kila nguo nje-ndani kabla hajasema neno. Wenye maduka walimjua.

"Mama, nje sawa! Nje hao, hao!" laoban mmoja alimpigia kelele siku moja, laoban ndiyo bosi na hao ndiyo nzuri kwa lugha ya hapa. "Wewe kwa nini kila siku tazama ndani?"

"Mwili unagusa ndani, laoban."

"Mteja tazama nje tu!"

"Mteja wako. Wangu hufua."

Hakukubali kubandika lebo za kampuni kubwa kwenye nguo ambazo kampuni hizo hazikuzishona. Kwa jambo hilo alipoteza wateja wengi, na baadhi ya wateja hao wako humu chumbani leo. Hawatatajwa. Wanajijua.

Mwaka 2020, mji huu ulipofunga milango kwa sababu ya maradhi, na nyumbani nako mto ukafurika na kubomoa tuta, Mildred alijikuta hana kazi na hana njia ya kusafiri. Ndipo alipoanza kuwapigia simu wazee wa nyumbani, mwanzoni kuwajulia hali juu ya tuta walikohamia, halafu kuwauliza habari za zamani. Hakujiita mwanahistoria. Alisema alitaka tu kujua jinsi parokia yake ilivyoanza, kwa sababu alichofundishwa kilikuwa na kitu kisichokaa sawa. Katekista Anselmo aliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba kanisa lilianza Namwiru mwaka 1925, katika nyumba ya matete iliyosimama karibu na lilipo kanisa la mawe. Lakini kanisa la mawe lina jiwe la msingi la mwaka 1962, na hakuna mzee aliyewahi kumwonyesha mtoto yeyote mahali nyumba hiyo ya matete iliposimama.

Aliwauliza wazee kanisa lilianza wapi. Wa Namwiru walisema Namwiru, wa ng'ambo walisema Sibuka, na pande zote mbili zikakasirika kwa kuulizwa. Ndipo Mildred akabadilisha swali. Kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa nguo, aliuliza habari ya nguo: "Ulipokuwa mdogo, mama yako akirudi kutoka misa, sketi yake ilikuwa imelowa mpaka wapi?"

Wazee wa Namwiru hawakuona kwamba ni swali lile lile, wakajibu kwa furaha ya kuwakumbuka mama zao. Mpaka magotini, wengi walisema. Wengine walisema mpaka kiunoni, wakati wa mvua. Mmoja alisema mama yake alibeba rinda la pili kichwani na kulivaa akifika. Siku hizo mto ulikuwa haujafungwa kwa matuta. Ulijitandaza katika vijito vya kina kifupi, na watu walivuka kwa miguu. Kama kanisa lingekuwa Namwiru, wanawake wa Namwiru wasingelowa.

Yaliyobaki aliyapata kwa Kukhu Paskalia wa Sibuka, kukhu ndiyo bibi kwa lugha ya kwetu, mwanamke aliyeiona nyumba ya matete kwa macho yake.

"Kukhu, mbona hamkusema miaka yote hii?"

"Tulisema. Nani aliuliza?"

"Baba yangu alijua?"

"Anselmo?" Kukhu alicheka hadi akakohoa. "Anselmo ndiye alikuwa anapiga ngoma ya misa hapa Sibuka! Kijana mrembo, miguu kama ya korongo. Wasichana walikuwa wanakuja misa mapema ili wamwone. Mama yako mmoja wao. Alijua, mwanangu. Alijua vizuri."

Kwa maneno ya wazee wa pande zote, mambo yalikuwa hivi. Kanisa lilianzia Sibuka mwaka 1925. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 1961 yaliifagia nyumba ya matete. Mapadri wakaamua kujenga kwa mawe upande wa Namwiru, na watu wa Sibuka wakavusha mawe na mchanga kwa mitumbwi bila ujira. Miaka ya sabini yakaja matuta, na upande wa Namwiru ukapata lake kwanza. Maji yaliyozuiwa Namwiru yakaelekea Sibuka. Watu wa Sibuka walipoteza mashamba, na wengine walipoteza watoto. Kuanzia hapo Namwiru wakaacha kusema kwamba mama zao walikuwa wakivuka. Hawakusahau, waliacha kusema. Ni vigumu kumfungia mtu maji shambani kwake huku unakiri kwamba kwake ndiko ulikobatizwa. Na katekista, ambaye kazi yake ilikuwa kusema kweli kwa watoto, alinyamaza na wenzake, kisha akafundisha kinyume.

Mildred aliliona jambo hili kama ambavyo linapaswa kuonwa. Hakumchukia baba yake, lakini hakumfunika. Alisema kumfunika kungekuwa kumfundisha Hannah na Okumu kazi ile ile.

Mwaka 2023 kamati ya jubilei ya miaka mia ya parokia, ambayo mwenyekiti wake ni kaka yetu mkubwa Dismas Mugubi, ilimwomba Mildred achapishe kitenge cha jubilei. Ninyi mnajua vitenge hivyo: jina la parokia, picha ya kanisa, miaka, na kila mwanamke ananunua doti na kushonea gauni la sherehe. Nguo kama hiyo huvaliwa miaka kumi baada ya sherehe, sokoni, shambani na matangani, na kinachoandikwa juu yake ndicho watoto wanachokuja kukiamini. Kamati ilitaka picha ya kanisa la mawe na maneno "Namwiru 1925–2025."

Mildred alichora tofauti. Katikati aliweka mto, upande mmoja nyumba ya matete na jina Sibuka, upande mwingine kanisa la mawe na jina Namwiru. Na kwa kuwa aliwajua mafundi wa nyumbani na mikasi yao, aliyaweka majina hayo karibu sana, kila mahali kwenye kitambaa, hivi kwamba hakuna fundi ambaye angeweza kukata gauni likabaki na jina moja. Akatuma mchoro. Dismas alimpigia simu siku hiyo hiyo.

"Hii ni nini, Mildred?"

"Ni kitenge."

"Nimekuomba kitenge cha Namwiru. Hawa wa ng'ambo wataandikwa kwenye kitabu cha jubilei, ukurasa wao mzuri kabisa."

"Kitabu atasoma nani, kaka? Wewe na padri. Nguo watavaa wote."

"Baba alifundisha Namwiru."

"Baba alipiga ngoma Sibuka."

Dismas akakata simu. Baada ya hapo, katika kikundi cha familia kwenye simu, akaanza kumwita Mama Ng'ambo, na jina likashika.

Habari zilipofika Sibuka, wanawake wa huko walifurahi, wakampigia Mildred wakimwomba awachapishie kitenge chao peke yao, chenye nyumba ya matete na jina la Sibuka tu. Wangevaa siku ile ile ya jubilei, wakae upande wao wa kanisa, Namwiru waone. Mildred alikataa.

"Kanisa la mawe mlilijenga ninyi pia," aliwaambia. "Mawe mlivusha ninyi. Mkilifuta, mtakuwa mmefanya kile walichowafanyia."

"Wewe ni mtoto wa tuta," mmoja wao akamjibu. "Siku zote utabaki upande wenu." Mtoto wa tuta ni tusi huko kwetu. Maana yake ni mtu aliyekaa pakavu wakati wenzake wanazama.

Hivyo pande zote mbili zikamkasirikia, na kila upande ukaamini kwamba yuko na ule mwingine. Walio hapa wanaopenda kusema kwamba kweli iko katikati wangefaa kukumbuka kwamba Mildred hakukaa katikati ili apendwe, na hakupendwa.

Februari 2024, wakati viwanda vya hapa vimefungwa kwa mwaka mpya wa Kichina, alikwenda nyumbani. Aliomba kuongea na kamati, akapewa nafasi katika ukumbi wa parokia. Aliwasomea majibu ya wazee, jina moja baada ya jingine, wazee wa Namwiru tu, akiwaacha wa Sibuka wote ili asisemwe kwamba amewasikiliza wa ng'ambo. Kabla hajamaliza, Dismas alisimama, akasema muda umekwisha, akafunga mkutano kwa sala. Jioni hiyo alimwambia Mildred asilale kwenye boma la baba yetu. Mildred hakubishana. Alivuka mto, akalala kwa Kukhu Paskalia, na kesho yake akaanza safari ya kurudi huku. Tangu siku hiyo Dismas hakupokea simu yake.

Kamati ikampa kazi hiyo wakala mwingine, Kamande, mfanyabiashara wa Nairobi aliye mtaa wa Xiaobei hapa Guangzhou, na ambaye yupo hapa leo. Kamande ni muungwana. Alimwendea Mildred ofisini kumwambia mwenyewe badala ya yeye kusikia kwa watu.

"Mathe, wameniletea. Sikutaka usikie kwa njia," alisema, mathe ndiyo mama kwa Kiswahili cha Nairobi.

"Umefanya vizuri kunijulisha. Chapisha."

"Hukasiriki?"

"Mteja amekuagiza. Mimi si mwenye kiwanda wala mwenye parokia."

"Lakini hii si nguo tu, mathe? Watu washerehekee, wale pilau, waende nyumbani. Historia ni ya vitabu."

"Kitabu watu hufunga, Kamande. Nguo huvaliwa mpaka iishe."

Sampuli ya kwanza ilipotoka kiwandani, Kamande alimletea aione, kwa sababu alijua hakuna jicho bora kwa kitambaa katika mji huu. Mildred angeweza kuipitisha na kuacha mzigo mbovu uende nyumbani, na huenda kuna wangemuelewa. Aligeuza kitambaa, akakisugua kwa kidole kilicholowa, akamwonyesha kidole.

"Rangi inatoka. Rudisha."

Kamande alimtazama kwa mashaka. "Unasema kweli ama ni kwa sababu ya ile maneno yenu?"

"Kafue."

Kamande alikwenda kuloweka kile kitambaa kwenye beseni, na maji yakawa zambarau. Akarudi akimcheka na kujicheka. "Mathe, uongo wenyewe hata rangi haishiki!" Mildred alicheka pia, kisha akamwelekeza kiwanda kinachotumia rangi nzuri. Alisema hata kama maneno ni ya uongo, wanawake watakaokinunua hawana kosa, na wana haki ya nguo isiyochuja.

Wanawake wa Sibuka waliposikia kwamba kitenge cha Namwiru peke yake kinachapishwa, walitangaza kwamba hawatakivaa, wala jubilei hawatakwenda. Paroko akaisimamisha kamati isiagize chochote hadi pande hizo zielewane. Mzigo haukutoka Guangzhou. Hadi leo haujatoka.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Mildred alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo. Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kizazi iliyokuwa imeenea. Alitibiwa hapa Guangzhou, na kwa miezi hiyo alihudumiwa na Hannah aliyekuja kutoka Busia, na pia na majirani zake wa Zanzibar na Dar es Salaam, Mwatima na Muzdalifa, ambao walimpikia uji na kumsaidia kwenda hospitali bila kuitwa. Familia inawashukuru.

Aliomba jambo moja tu. Katika parokia yetu, mwili wa muumini aliyefia mbali hupokelewa kwanza katika kanisa mama, husaliwa, ndipo hupelekwa nyumbani kwake kuzikwa. Kwa miaka yote hii kanisa mama limehesabiwa kuwa Namwiru. Mildred aliomba apokelewe Sibuka, halafu ndipo avushwe kwenda kuzikwa kando ya mumewe upande wa kusini. Hakuzungumza tena kuhusu kitenge. Alijua kwamba kitenge kinaweza kusubiri, na yeye hawezi.

Ombi hilo lilipelekwa kwa Dismas, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti wa baraza la parokia na kaka mkubwa. Mwanzoni alijibu kwa ukali kwamba Mildred haendi kaburini kupiga kampeni. Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Juni, siku ya Jumapili, saa za alasiri hapa, simu ya Hannah ililia. Alikuwa Dismas, na picha ilikuwa imewashwa. Hannah aliishika simu karibu na kitanda. Tuliokuwepo tulisikia yote.

"Mildred."

"Naam, kaka."

"Umekonda."

"Wewe umenenepa. Kamati inakulisha."

Dismas alitaka kutocheka, akashindwa. Kisha akasema, "Hili la kupitia Sibuka. Ukipitia huko, watu watasema mimi nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Usinitege, Mildred. Wewe ni mgonjwa."

"Basi niache nikuulize swali nililowauliza wengine. Wewe sikukuuliza kwa sababu ulikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hujibu kama mwenyekiti. Ukiwa mdogo, mama alipokuwa akirudi kutoka misa, sketi yake ilikuwa imelowa mpaka wapi?"

Ni lazima ieleweke kwamba Dismas alizaliwa mwaka 1955. Kanisa lilipohamishwa alikuwa mtoto wa kutosha kukumbuka. Mildred alikuwa hajazaliwa. Katika familia yetu nzima, shahidi pekee aliyebaki hai alikuwa yeye.

Nyuma ya Dismas kuku walisikika, na mtu akiita mtoto aondoe mbuzi kwenye mboga.

"Mpaka magotini," Dismas akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Mimi alikuwa ananibeba mabegani. Ndiyo maana sikulowa."

"Asante, kaka," Mildred alisema. "Sina swali jingine."

Waliongea mambo mengine baada ya hapo, ya watoto na mahindi na paa la nyumba ya mama. Hayo ni yao.

Mildred Nabwire alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Alikuwa amepokea sakramenti ya wagonjwa.

Jumapili iliyofuata, tarehe 8 Juni, baada ya misa katika kanisa la mawe la Namwiru, Dismas alisimama mbele ya waumini akatangaza kifo cha dada yake. Hakutangaza kama mwenyekiti anayesoma karatasi. Alisema mama yake alikuwa akivuka mto kwenda misa, kwamba yeye alivuka mabegani mwake, kwamba baba yetu alijua, na kwamba mwili wa Mildred utapokelewa Sibuka kwa sababu huko ndiko kanisa lilikoanza. Baadhi ya watu walitoka nje kabla hajamaliza. Wengi walibaki. Baadaye alimwambia paroko kwamba yuko tayari kuacha uenyekiti, na paroko akamjibu amzike dada yake kwanza.

Tusidanganyane kwamba mambo yamekwisha. Kamati haijaamua kuhusu kitenge, na wasifu huu hautaamua kwa niaba yake. Wapo Namwiru wanaosema Dismas ameiuza parokia kwa ajili ya maiti. Wapo Sibuka wanaouliza kwa nini ilibidi afe mtu. Swali lao ni la haki, na halina jibu la kuwafariji. Lakini mwili utaondoka hapa Jumatatu, na utakapofika, Dismas atakuwa amevuka mto kuusubiri upande ule, mahali nyumba ya matete iliposimama. Kukhu Paskalia ameomba apewe kiti, kwa sababu hawezi tena kusimama, lakini atakuwepo.

Mildred ameacha watoto wawili, Hannah na Okumu, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka yake Dismas na mdogo wake Kizito, pamoja na mashemeji, wapwa, na watu wengi wa pande zote mbili za mto ambao kwa sasa hawajui wamchukulie vipi. Ameacha pia wafanyabiashara wa mji huu, waliokuwa wakimwogopa kwenye kaunta na kumtafuta walipokuwa na shida.

Mungu ampe Mildred pumziko alilolistahili, na sisi tuliobaki atupe ujasiri wa kusema kile tunachokijua tungali hai kukisema.

Umeandikwa na kusomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake, Kizito Mugubi. Guangzhou, Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025.